Wamejuaje Alikula Nini? Jino la Farasi wa Kale na Kemia Yake

Kila habari za mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbuliwa mkoani Lindi, zinapozuka upya, baraza za Lindi mjini huwa na swali lilelile: ile mifupa iliyoko Berlin itarudi au hairudi? Na kabla kahawa haijapoa, kuna mwingine hudakia: "Hivi hawa wataalamu wanajuaje mnyama aliyekufa zamani zile alikuwa anakula nini? Nani alimwona?" Swali la pili ni zuri kuliko la kwanza. Tabu ni kwamba majibu yanayotolewa barazani huchanganya mambo matatu yasiyofanana: umri wa mfupa, umbo la mfupa, na kemia iliyomo ndani yake.

Makala haya ni ya hiyo kemia. Tutamtumia farasi badala ya mjusi, kwa sababu ukoo wa farasi una historia ya miaka milioni 55 hivi, umeacha meno mengi makubwa ardhini, na njiani umebadili chakula zaidi ya mara moja. Mjusi tutamrudia mwishoni.

Kwanza tuelewane kwa maneno. "Farasi" hapa ni ukoo mzima, si yule wa kupanda peke yake: punda yumo, na pundamilia wa porini kule Liwale yumo. Afrika Mashariki iliwahi pia kuwa na jamaa yao aitwaye hiparioni, mwenye vidole vitatu kila mguu, kimoja kikubwa cha kati na viwili vidogo vya pembeni. Nyayo zake zimo Laetoli, Ngorongoro, kwenye majivu ya volkano ya miaka milioni 3.66 iliyopita. Tendaguru usimtafute. Miamba ile ina miaka milioni 150 hivi, na farasi wa kwanza alikuja karibu miaka milioni 100 baadaye. "Kisukuku" nacho ni mabaki ya kiumbe yaliyohifadhiwa ardhini: mfupa, jino, jani, hata unyayo.

Neno la tatu ndilo linalotisha watu bure: isotopu. Chukua korosho mbili zenye ganda sawa kwa macho. Moja imejaa vizuri, nyingine nyepesi kidogo. Zote ni korosho, na ukizikaanga zote zinaiva. Atomi za kaboni ziko hivyo. Katika kila atomi 1,000 za kaboni, takriban 989 ni kaboni 12, ile nyepesi, na 11 ni kaboni 13, iliyo nzito kidogo. Hizo ndizo isotopu: jina moja, tabia karibu moja, uzito tofauti.

Ipo pia kaboni 14, na hapa ndipo uvumi unapoanzia. Wengi wakisikia "kaboni" na "mifupa" wanadhani ni kipimo cha umri. Kaboni 14 huoza. Nusu yake hupotea kila miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi haibaki ya kupimika vizuri. Kwa jino la miaka milioni nne haina kazi. Kaboni 12 na 13 haziozi. Uwiano wake unabaki vile ulivyokuwa mnyama alipokuwa anatafuna, ilimradi jino halijaingiliwa. Kwa hiyo kipimo tunachokizungumza hakisemi mnyama ana miaka mingapi. Umri hutafutwa kwa njia nyingine, mara nyingi kwa kupima majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya tabaka alimokutwa.

Sasa tuingie shambani. Mimea yote hunyonya hewa ya kaboni, lakini haiichambui kwa namna moja. Kundi kubwa hutengeneza kwanza kemikali yenye atomi tatu za kaboni, ndiyo maana huitwa C3. Humo mna miti karibu yote na vichaka: mkorosho, mwembe, mnazi, muhogo, mbaazi, ufuta. Kundi la pili, C4, huanza na kemikali yenye atomi nne. Humo mna mahindi, mtama, uwele, ulezi, miwa, na nyasi nyingi za nchi za joto, ukoka ukiwemo. C3 huikataa kaboni nzito kwa nguvu. C4 huiachia ipite zaidi. Kuna kundi la tatu dogo, la mimea kama katani na mananasi, ambalo namba zake zinaweza kufanana na za C4. Anayejua mashamba ya katani ya Lindi atajiuliza mnyama gani angeyala majani yale, na farasi si mmoja wao: kundi hili haliwasumbui sana wapimaji.

Tofauti yenyewe ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Hupimwa kwa "sehemu kwa elfu", kwa kulinganisha na kipimo cha pamoja kilichotokana na kisukuku cha belemniti, mnyama wa baharini aliye jamaa wa ngisi, kutoka South Carolina, Marekani. Mimea ya C3 huwa na wastani wa -27 kwa elfu, C4 -12. Ile alama ya kutoa inasema tu kwamba kaboni nzito ni pungufu kuliko ya belemniti. Ukiigeuza kuwa hesabu ya atomi, katika atomi milioni moja za kaboni, mtama unazidi muhogo kwa atomi nzito kama 160 hivi. Hizo 160 ndizo zinazobeba habari yote.

Mnyama akila, kaboni ya chakula huingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu huingia kwenye jino linalojengwa. Kwa wanyama wakubwa wala majani, enameli, lile ganda gumu linalong'aa juu ya jino, huwa nzito kuliko chakula kwa takriban 14 kwa elfu. Aliyekula C3 tupu atakuwa na jino la karibu -13. Aliyekula C4 tupu, karibu +2. Ndivyo ilivyo hata kwa watu wawili, mmoja aliyekulia ugali wa makopa na mwenzake wa mtama: miili yao hubeba alama tofauti, ingawa samaki wa baharini huja kuichafua hesabu.

Kwa nini jino, na si mfupa? Mfupa una matundu matundu, na robo yake au zaidi si madini. Ukikaa ardhini, maji hupita ndani yake kama tui linavyopita kwenye kifumbu, yakiacha chokaa na kuchukua vya kwake. Enameli ni madini kwa takriban asilimia 96, imeshikamana, haipitishi. Ukisikia mtu anasema amepima kaboni ya mfupa wa miaka milioni tatu akajua chakula, uliza maswali zaidi.

Na si jino lolote. Mtoto wa farasi hunyonya, na gego la kwanza hujengwa wakati huo, kwa hiyo linabeba habari za maziwa ya mama. Wapimaji hupendelea magego yanayokuja baadaye, hasa la mwisho, ambalo kwa farasi wa leo huanza kujengwa akikaribia miaka miwili na kukamilika akiwa na miaka minne na nusu hivi. Jino hujengwa kuanzia ncha ya juu kushuka kwenye mzizi. Ncha ni ya zamani, chini ni ya karibuni. Hapo unapata kalenda.

Kazi yenyewe huenda hivi. Jino husafishwa, na ile simenti ya asili inayofunika nje ya meno ya farasi hukwanguliwa. Kisha hutumika keekee ndogo kama ya daktari wa meno, yenye ncha ya almasi, kwa mwendo wa taratibu ili joto la msuguano lisiharibu unga. Zinatosha miligramu 5 hadi 10, unga usioweza kufunika ukucha wa kidole cha mwisho. Ukitaka wastani wa muda wote jino lilipokuwa linajengwa, unakwangua mstari mmoja kutoka ncha hadi chini. Ukitaka misimu, unakata mifereji midogo ya kukingama, mmoja kila baada ya milimita chache. Anayekwangua sehemu moja tu kisha akatangaza "chakula cha mnyama" amepima labda kiangazi kimoja.

Unga huoshwa kwa peroksaidi ya haidrojeni au kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, ile ambayo majumbani huitwa jiki, kuondoa mabaki ya nyama na uchafu wenye asili ya viumbe. Ukisuuzwa, huwekwa kwenye asidi ya asetiki iliyo dhaifu, asidi ileile iliyomo kwenye siki, ili ile chokaa iliyoingia na maji ya ardhini iyeyuke. Hapa ndipo wengi huharibu. Siki kidogo huacha uchafu. Siki kali au muda uliozidi huanza kuila enameli yenyewe, na namba zinahama bila mtu kujua. Baada ya kusuuza tena na kukausha, unga humwagiwa asidi ya fosfori kwenye joto la nyuzi 70 hadi 90, nao hutoa gesi ya kaboni dioksaidi.

Gesi hiyo huenda kwenye spektromita ya tungamo. Jina refu, kazi ni ya ungo. Mama akipepeta mpunga, upepo hauchagui kwa macho; makapi mepesi yanapeperuka mbali, punje nzito zinaanguka karibu. Ndani ya mashine molekuli hupewa chaji ya umeme, hurushwa, na sumaku hufanya kazi ya upepo: nyepesi hukunjwa zaidi njiani, nzito kidogo, na kila kundi huangukia kwenye kikombe chake na kuhesabiwa.

Tufanye hesabu moja, kwa jino la mfano la miaka milioni nne lililosoma -0.5. Ondoa 14, chakula kilikuwa -14.5. Sasa angalia mtego. Zile -27 na -12 ni za mimea ya leo, na hewa ya leo imejaa moshi wa makaa na mafuta, wenye kaboni nyepesi. Kabla ya viwanda hewa ilikuwa nzito kwa karibu 1.5 kwa elfu. Kwa hiyo C3 ya zamani iwekwe -25.5 na C4 -10.5. Kutoka -25.5 hadi -14.5 ni hatua 11 kati ya 15, yaani asilimia 73 ya chakula ilikuwa C4. Ukisahau kurekebisha hewa utapata asilimia 83. Pointi kumi nzima zimetokana na moshi wa karne mbili zilizopita.

Halafu kuna mtego wa mpunga, ambao naona ndio unaowakamata hata waandishi wazuri. Watu husoma "C4" wakaandika "nyasi", wakasoma "C3" wakaandika "majani ya miti". Mpunga ni nyasi. Lakini ni C3. Ungemlisha punda kwenye bonde la mpunga maisha yake yote, jino lake lingesema C3, na msomaji mwenye haraka angeandika kwamba aliishi kwa kuchuma majani ya vichaka. Nyasi za C3 ni za kawaida kwenye nchi za baridi na milima mirefu, na C4 zenyewe hazikuenea duniani mpaka miaka kama milioni kumi ya karibuni. Kwa farasi wa kabla ya hapo, kaboni haitenganishi nyasi na jani. Ndiyo maana hutazamwa pia mikwaruzo midogo juu ya jino kwa hadubini. Nyasi na vumbi lake hukwaruza kama mchanga unaosugulia sufuria. Matunda na vitu vigumu huacha vishimo.

Kitu kimoja ambacho C3 hukisema vizuri ni msitu mnene. Chini ya miti iliyofungana, kama kwenye hifadhi ya Rondo, hewa hukaa palepale, majani yanayooza hutoa kaboni nyepesi ambayo mimea ya chini huinyonya tena, na mwanga ni hafifu. Namba hushuka chini sana kuliko kawaida ya C3. Jino likishuka hivyo, mnyama hakuwa anachuma pembeni mwa mbuga.

Tuje kwenye maji. Ndani ya gesi ileile kuna oksijeni, nayo ina nyepesi, 16, na nzito, 18. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi anajua kwamba jua likipiga, maji hupanda na chumvi hubaki. Lakini hata maji yenyewe hujichuja: yenye oksijeni nyepesi hutangulia kupanda, yanayobaki yanazidi kuwa mazito. Jani juani ni shamba la chumvi dogo. Twiga, anayepata maji yake mengi kwenye majani, hubeba oksijeni nzito kwenye nchi kavu. Kiboko hubeba ya mto. Ukipata meno ya aina zote mbili kwenye tabaka moja, pengo kati yao hukueleza ukame ulivyokuwa.

Farasi ni mnywaji. Hawezi kukaa siku nyingi bila maji, kwa hiyo oksijeni yake hufuata kisima chake zaidi kuliko majani. Ukisoma namba nzito kwenye jino lake, huenda nchi ilikuwa kavu, huenda alikunywa kwenye dimbwi linalokauka, huenda bado ananyonya, maana maji ya mwilini mwa mama ni mazito kuliko ya mto. Jino moja halitoshi kuamua. Ile mifereji ya kukingama husaidia: namba zikipanda na kushuka kwa zamu, umepata masika na kiangazi. Ila mawimbi yale yatakuwa yamelala kuliko hali halisi, kwa sababu enameli huchukua miezi kukomaa na kuchanganya msimu mmoja na mwingine. Nchi yenye msimu mmoja wa mvua kama yetu huku kusini inaweza kuonekana tulivu kuliko ilivyo.

Strontiamu, elementi nyingine iliyomo kwenye miamba, nitaipitia kwa ufupi. Uwiano wa isotopu zake hutoka kwenye mwamba, hupita kwenye udongo na mmea, na kuishia jinoni. Mnyama aliyekulia kwenye miamba ya kale ya Masasi angetarajiwa kuwa na namba tofauti na wa kwenye chokaa ya pwani ya Lindi. Hutumika kujua nani alihama.

Farasi wenyewe wamesema nini? Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya meno 452 ya wanyama wa Afrika Mashariki, ya kati ya miaka milioni 9.9 na 3.2 iliyopita. Jamii ya farasi ndiyo iliyotangulia: tayari miaka milioni 9.9 iliyopita nyasi za C4 zilikuwa sehemu kubwa ya chakula chao. Vifaru walifuata, wakaja swala na jamaa zao pamoja na viboko, kisha nguruwe. Tembo walichelewa, lakini kufikia milioni 6.5 walikuwa walaji nyasi kwelikweli. Twiga hakubabaika, alibaki na majani yake mwanzo hadi mwisho.

Kuna jambo ndani ya matokeo hayo ambalo hupotea kwenye vichwa vya habari. Wakati farasi wanaanza kula C4, hakuna ushahidi wa isotopu kwamba mbuga pana za nyasi hizo zilikuwapo. Mnyama huchagua. Mtu wa Newala akila samaki kila siku, hilo halileti bahari Newala. Jino hueleza kilichoingia mdomoni. Makazi huhitaji mashahidi wengine, kama wanyama wa tabaka lilelile na chokaa iliyojijenga kwenye udongo wa kale.

Florida nako kulitoka somo kuhusu umbo. Aina sita za farasi ziliishi pamoja huko miaka milioni tano iliyopita, zote na magego marefu, na kwa muda mrefu iliaminika zote ni walaji nyasi, kwa kuwa jino refu huvumilia kusagika. Kemia na mikwaruzo, iliyochapishwa mwaka 1999, ikaonyesha wengine walichanganya na wengine walichuma majani. Hata yule aliye karibu zaidi kiukoo na farasi wa leo alikuwa hasa mla majani. Panga linaweza kukaa nyumbani kwa mvuvi. Umbo la jino husema linaweza nini. Kemia husema lilifanya nini.

Kabla ya kuamini namba yoyote, wapimaji makini hufanya jaribio rahisi. Hupima jamaa wa twiga wa tabaka hilohilo. Asiposoma C3 kama anavyotakiwa, ardhi imeingilia meno yote na kazi irudiwe. Hupima pia dentini, ile sehemu laini ya ndani. Dentini na enameli zikisoma namba moja kwenye kisukuku cha zamani sana, hilo linatia shaka kuliko kutia moyo, maana dentini huathirika haraka.

Sasa mjusi wa Tendaguru. Mbinu ya C3 na C4 haimfai, kwa kuwa enzi zake mimea ya C4 ilikuwa haijatokea. Lakini meno ya majitu yale yalipimwa kwa njia ya jirani: kaboni 13 na oksijeni 18 hupenda kushikana pawili zaidi pale jino linapojengwa kwenye ubaridi, na kidogo zaidi kwenye joto. Ukihesabu hizo pawili unapata joto la mwili. Matokeo ya mwaka 2011 yalitoa nyuzi 38 hivi kwa yule mwenye shingo ndefu wa Tendaguru, karibu sawa na mnyama wa damu moto.

Anayelima au kuchimba na kukutana na jino gumu kama jiwe asiling'oe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka ugunduzi kama huo uripotiwe, na jino lisilojulikana lilitoka tabaka gani limepoteza nusu ya thamani yake kwa mpimaji. Kama limeshatoka, liviringishwe kwenye karatasi kavu, pakiandikwa mahali na kina. Lisioshwe kwa siki wala jiki. Likiwa limevunjika, vipande vikae hivyohivyo bila kuunganishwa, kwa sababu gundi ina kaboni, na mashine haitambui ipi ni ya gundi na ipi ni ya jino.